Gurudumu la Mwisho Halitolewi

Ukitaka kujua gari lilifikaje chumbani kwa Bi Dobi, anza na tone la oili.

Tone moja tu. Asubuhi moja mumewe alilikuta sakafuni, chini ya lile gari lake jeusi la silinda kumi na mbili, lenye viti vya ngozi na saa ya spidi inayofika mia tatu. Alilipata kwenye mnada wa hospitali walikofanya kazi wote wawili. Lilikuwa gari la mkurugenzi, tena wakurugenzi watatu walikuwa wamekwisha kulichosha kabla halijamfikia yeye. Mtaani walilibatiza Mheshimiwa, kwa sababu springi zake za hewa zilivuja. Likiegeshwa lilishuka taratibu mpaka tumbo likagusa chini, na likiwashwa lilichukua dakika kumi kunyanyuka, kwanza nyuma, halafu mbele, kama mzee anayetoka kitini. Watu walikuwa wanasimama kungoja liinuke ndipo waendelee na safari zao.

Basi, tone. Lilitoka kwenye kiringi cha mpira kisichozidi bangili ya mtoto. Lakini Mheshimiwa si gari la kufunguliwa ovyo ovyo. Ukikitaka kiringi, utoe kwanza gia boksi. Gia boksi haitoki bila ekzosi kutoka. Na ekzosi nayo imeshikwa na jambo jingine, na hilo jambo jingine limeshikwa na injini yenyewe. Mafundi wa gereji walichungulia chini wakakuna vichwa. Mmoja akasema wazi, "Mzee wangu, hili lipeleke kwa waliolizaa."

Mzee akanuna. Akasema atalitengeneza mwenyewe kwa mikono yake, akanunua ovaroli ya bluu na spana za kila saizi, akaanza kufungua. Alifungua kwa miaka miwili.

Sasa hapo ndipo pa kumjua mtu. Mwingine yeyote angevimwaga vyuma uani, akavifunika turubai, akamwachia Mungu. Huyu alikuwa mtunza stoo wa hospitali kwa miaka thelathini na minane, mpaka jina lake likasahaulika akabaki kuitwa Bwana Stoo. Kila nati aliyoitoa aliipangusa, akaifunga karatasi, akaiandikia kadi, akaiingiza kwenye leja, akaipandisha kwenye rafu. Rafu zikataka chumba. Na chumba chenye kitasa cha kuaminika nyumba nzima kilikuwa kimoja, cha kulala.

"Siku ngapi?" Bi Dobi aliuliza, mikono kiunoni.

"Wiki mbili tu, mke wangu."

Wiki mbili hizo, mwenzangu, sasa zilikuwa zinaingia mwaka wa tatu. Mlango wa chumba ulikatwa katikati kwa msumeno. Nusu ya chini ikabaki na komeo, nusu ya juu ikawa dirisha la kutolea vifaa, likapigiliwa ubao wa kuandikia na bango lenye maneno mekundu: HAKUNA KUINGIA. Kitanda kilihamishiwa sebuleni, na Bi Dobi akalala huko peke yake, kwa sababu stoo, kama mumewe alivyomweleza kwa upole kabisa, hailali bila mtu. Yeye alilala humo ndani, kwenye kiti cha nyuma cha Mheshimiwa, katikati ya boneti na rejeta.

Bi Dobi alivumilia. Alikuwa mkuu wa chumba cha dobi pale pale hospitali, na kwa miaka thelathini alikuwa anasimama kwenye dirisha la huyu bwana kuomba sabuni na mashuka. Ndiko walikopatana. Alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa neno lake. Akikuambia sabuni ipo, ipo. Sasa hivi angefurahi kidogo kama angekuwa mwongo mwongo kama wanaume wengine.

Maana siku ya kuanza kulifunga gari ndiyo siku balaa lilipoanza rasmi.

Stoo ya hospitali ilikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: kifaa cha mwisho hakitolewi. Bwana Stoo aliishika kama dini. Blanketi likibaki moja, hilo moja halitoki mpaka mengine yaje, hata aje nani. "Nikilitoa," alikuwa akisema, "kesho akija mwingine anatetemeka, nitamwambia nini?" Hospitalini ilikuwa sheria nzuri, na kuna watu wako hai leo kwa ajili yake. Sasa ipeleke sheria hiyo kwenye gari.

Mheshimiwa alikuwa na plagi ishirini na nne. Zikatolewa ishirini na tatu. Alikuwa na milango minne, ikatolewa mitatu. Magurudumu manne, yakatolewa matatu, na kona ya nne ya gari ikakalishwa juu ya tofali. Usukani ulikuwa mmoja, kwa hiyo usukani haukuguswa kabisa. Na injini, na gia boksi, na kioo cha mbele, na kile kiringi kipya cha mpira kilichosababisha yote haya, vyote vilikuwa kimoja kimoja, na vyote vilikaa kwenye rafu vikiwa safi, vina kadi, havitoki ng'o.

Jirani mmoja, mtu wa nia njema, alishauri watafute gari la pili la aina hiyo ili kila kifaa kiwe na mwenzake. Bi Dobi alimtazama mpaka jirani akakumbuka ana maji jikoni.

"Afadhali aniletee mke mwenza," alisema. "Mke mwenza ningemtuma sokoni."

Ungedhani mtu akiwa fundi na mtunza stoo kwa wakati mmoja, wawili hao wangeelewana. Thubutu! Asubuhi mzee alivaa ovaroli, akaenda uani, akalizunguka gari akipiga miluzi, akajaza fomu, akaja dirishani, akagonga ubao. Kisha akazunguka kwa mlango wa nyuma, akavua ovaroli, akavaa koti la kijivu la stoo na miwani, akaingia, akaisoma fomu.

"Gurudumu, moja," alisema mwenye koti. "Lipo moja. Halitolewi."

Akazunguka tena, akavaa ovaroli. "Ndugu yangu, gari limekaa juu ya tofali! Aibu hii ya nani?"

Akarudi na koti. "Si suala la aibu. Ni suala la salio."

"Una roho ya korosho wewe!"

"Na wewe una mikono michafu, toa kwenye ubao wangu."

Hivyo hivyo, kutwa nzima. Bi Dobi alikuwa anachambua mboga sebuleni huku akimwona mumewe akipita upande huu na nguo hizi, upande ule na nguo zile, jasho linamtiririka. Mwanzo alicheka mpaka akashika mbavu. Baadaye akaacha kucheka, kwa sababu aliona jambo. Yule wa ovaroli alikuwa anamsalimia. Alikuwa anachungulia sufuria, anaiba kipande cha karoti, anamwita "mrembo wangu" kama zamani. Yule wa koti hakumwona hata mara moja. Kwake Bi Dobi alikuwa mtu asiye na fomu. Na koti lilikuwa linavaliwa saa nyingi zaidi kila wiki, na usiku ndilo lililobaki.

Mganga hajigangi, walisema wahenga. Bi Dobi akaona akingoja mumewe ajigange, atazikwa sebuleni.

Jumatatu akaenda dirishani. Alinyoosha mgongo kama siku za kudai sabuni.

"Sikuombi gari liwake," alisema. "Sikuombi injini wala usukani. Naomba gurudumu la nne. Likae chini kwa miguu yake yote, nione kuna kitu kinatoka humo ndani. Jumamosi saa nne kaka yangu anapita na lori lake. Asipolikuta gurudumu limefungwa, naondoka naye, na sirudi."

Mwenye koti alishusha miwani. Alikuwa anampenda mkewe, hilo hata panya wa nyumba ile walilijua.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ndogo, "limebaki moja."

"Jumamosi saa nne," alisema Bi Dobi, akageuka kabla machozi hayajamwaibisha.

Jumanne fundi alijaza fomu tatu, zikakataliwa tatu. Jumatano akaandika barua ya malalamiko kwa mkubwa wa stoo. Mkubwa wa stoo akamjibu kwamba mkubwa wa stoo ni yule yule mtunza stoo, na amesikitishwa na lugha iliyotumika. Alhamisi, saa saba mchana, mwenye koti alifunga stoo kwenda kula, akatundika koti kwenye msumari, na ufunguo ukiwa mfukoni mwa koti. Yule wa ovaroli akabaki anautazama ule mfuko. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Lakini kuchukua ufunguo wa mtu hakuweza, hata yeye alikuwa na heshima zake. Akazunguka nje ya nyumba, akang'oa wavu wa dirisha, akaingia kwa kichwa.

Bi Dobi alisikia kishindo, akatoka mbio, akamkuta mumewe anatoka dirishani miguu mbele, amekumbatia gurudumu.

"Shhh," alisema, macho yanang'aa. "Yule akijua ataniua."

Alilifunga kwa dakika sita. Bolti zilikuwa tano kwa kila gurudumu, na kwa bahati stoo ilikuwa na ishirini, kwa hiyo zilizotolewa kihalali zilikuwa kumi na tisa. Ya ishirini aliiweka mdomoni alipotoka dirishani. Akaondoa tofali. Mheshimiwa akakaa chini kwa miguu minne, hana kioo, hana injini, mlango mmoja wazi, lakini amekaa sawasawa. Bi Dobi alipiga kigelegele hapo hapo. Walishikana mikono uani kama vijana, na mzee akampaka grisi mpaka kwenye kiwiko, na Bi Dobi, mtu wa dobi maisha yake yote, hakukumbuka hata kuipangusa.

Furaha ile ilidumu mpaka saa nane. Saa nane ndiyo saa ya kurudi kazini.

"Wezi!" ilisikika kutoka stoo. "Wezi! Stoo imevunjwa!"

Bi Dobi alikaa chini kwenye kizingiti akashika tama.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa kinyozi, akaja na aproni yake, nywele za mteja bado begani. Alikuta mwenye koti ameshikilia leja wazi.

"Miaka arobaini na moja," alisema, "hapa na hospitali. Sijapotelewa hata na pini. Hata pini, mwenyekiti!"

"Pole sana, mzee. Unamshuku mtu?"

"Simshuku, namjua. Ni yule fundi."

"Yuko wapi?"

"Ngoja nimwite."

Akazunguka nyuma ya nyumba. Baada ya muda akatokea wa ovaroli, ameinamisha kichwa, anapikicha kofia. Mwenyekiti, ambaye alilelewa kwa adabu na hakupenda kumshangaa mtu mzima usoni, akamuuliza kama ni kweli alichukua gurudumu.

"Nilichukua, mwenyekiti. Nilichukua kwa ajili ya mke wangu."

"Haya, mlalamikaji anasemaje?"

"Ngoja nimwite."

Walikwenda hivyo mpaka mwenyekiti akazoea. Ndiyo tabia ya wazimu, ukiupisha mlangoni unakaa kitini. Mwisho alikuwa anauliza maswali makali kweli kweli, ameandika kurasa mbili, na alimkataza fundi asimjibu mtunza stoo kwa hasira. Alipomgeukia Bi Dobi kama shahidi, Bi Dobi alikuwa ameshindwa kujizuia.

"Mwenyekiti, huyu ni mtu mmoja! Huoni? Ni mume wangu, mmoja, anavua na kuvaa!"

"Mama," alisema mwenyekiti kwa upole, "tusichanganye mambo. Hapa tuna wizi."

Hukumu ilitolewa saa kumi. Gurudumu lirudishwe stoo kama kidhibiti. Na fundi, kwa kuwa amekiri kosa na ameonekana ni mtu wa hatari kwa vifaa, asikaribie stoo hatua ishirini mpaka kesi isikilizwe tena mwezi ujao. Mwenyekiti akapima hatua hizo mwenyewe kwa miguu yake kutoka kwenye dirisha. Zilipita jikoni, zikapita sebuleni, zikapita uani pote, zikamfikisha barabarani nje ya geti.

Bi Dobi aliangalia zile hatua, akaelewa. Fundi amefukuzwa nyumbani. Aliyekuwa akimsalimia, aliyeiba karoti, aliyetoka dirishani kwa ajili yake, huyo hana ruhusa tena ya kuwa popote pale. Aliyebaki ni koti.

Jioni ile ovaroli ilifuliwa, ikakunjwa, ikafungwa karatasi, ikaandikiwa kadi. Ovaroli, moja. Ikapandishwa kwenye rafu. Mwenye koti alifanya kazi hiyo mwenyewe, na Bi Dobi aliona mabega yake yanatikisika. Alitaka kumshika lakini kati yao palikuwa na ubao.

Siku ya Ijumaa hakuna aliyekuja dirishani. Mtunza stoo alikaa wima nyuma ya leja yake kuanzia asubuhi, kalamu mkononi, akingoja mtu wa kumkatalia. Ile siku aliyostaafu hospitali ilikuwa hivyo hivyo, Bi Dobi alikumbuka. Alikesha wiki nzima akihesabu kila kitu ili amkabidhi mrithi wake, mpaka pamba alihesabu, na mrithi hakutokea. Walimpa barua getini wakachukua ufunguo. Alirudi nyumbani na zile karatasi za makabidhiano mkononi, hazina sahihi, akauliza chakula kiko wapi, na hakulizungumza tena. Bi Dobi alilia kwa ajili yake siku ile na akalia tena leo, huku akifunga sanduku.

Jumamosi, saa nne kasoro dakika kumi, lori lilisimama nje likapiga honi. Kaka yake alikuwa mtu wa barabara, hajui kungoja.

"Dada! Twende, jua hilo!"

Bi Dobi alikuwa amevaa viatu. Sanduku liko mlangoni. Gari liko uani juu ya tofali. Alisimama katikati ya sebule yenye kitanda, na hasira zote alizoziandaa kwa wiki nzima zikamwishia. Kilichobaki kilikuwa hamu tu, hamu ya mtu aliye chumba cha pili. Akaenda kwenye kabati, akavuta droo, akatoa kitabu cha fomu na karatasi ya kaboni. Aliandika amesimama, kwa mwandiko ule ule wa kuombea mashuka. Nakala tatu. Kisha akaenda dirishani akagonga ubao.

"Saa za kutoa vifaa zinaanza saa nne," alisema mwenye koti bila kuinua macho.

"Nitangoja."

Alingoja. Saa ya ukutani ilipofika saa nne kamili, mzee alivuta fomu, akavaa miwani, akaanza kusoma kwa kidole. Kidole kilikwenda vizuri mpaka mstari wa kwanza kikasimama.

Jina la kifaa: Mume. Idadi: 1. Matumizi: Ya nyumbani.

Nje honi ilipigwa. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakucheka, na Bi Dobi hakucheka. Akafungua leja, akapekua kurasa kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu, kama mtu anayetafuta jambo asilotaka kulipata.

"Hakikuandikishwa," alisema.

"Kiandikishe."

Akachukua kadi mpya, akaandika.

"Kipo kimoja," alisema.

"Najua."

"Ndicho cha mwisho."

"Najua, bwana."

Aliigeuza kadi, akaigeuza tena. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya mtu anayeomba asaidiwe.

"Nikikitoa," alisema, "kesho akija mwingine anakihitaji, nitamwambia nini?"

Bi Dobi aliweka viwiko vyake juu ya ubao, akamkaribia mpaka akanusa oili kwenye lile koti.

"Geuza macho uangalie nyuma yangu," alisema. "Miaka mitatu nimepanga foleni hapa. Umewahi kumwona mwingine?"

Mzee aliinuka kitini, akachungulia juu ya bega la mkewe. Aliangalia sebule yote, kitanda, sufuria, sanduku mlangoni. Alichungulia kweli kweli, kwa makini, kama alivyofanya kila kitu maishani mwake, na hakuona mtu.

Akakaa. Akavuta muhuri, akaupulizia pumzi, akaupiga. Akageuza fomu upande wa mkewe, akamwekea kalamu.

"Mpokeaji aandike hali ya kifaa," alisema, "halafu atie sahihi."

Bi Dobi alimtazama kuanzia upara mpaka vidole, akaandika: Kikuukuu. Kinafanya kazi. Akatia sahihi.

Mzee aliisoma, akafuta macho kwa mkono wa koti. Kwenye kadi, upande wa salio, aliandika neno ambalo kalamu yake haikuwahi kuliandika kwa miaka arobaini na moja: Hakuna. Kisha akashika komeo la nusu ya chini ya mlango, akalivuta, akatoka.

Honi ikapigwa tena, ndefu, yenye hasira. Hakuna aliyekwenda kuitikia.